Farasi mzee ama farasi aliyeumia: umchukue yupi, na umweke wapi hapa Nairobi

Wiki jana binamu yangu anayekaa Kikuyu alinipigia, ameambiwa kuna farasi wawili wanatafutiwa kwa kukaa, bure kabisa, mmoja jike mzee wa miaka ishirini na kitu, mwingine kijana wa miaka saba, amehasiwa, ameacha mbio juu mguu wa mbele uliharibika. Yeye anaweza kuchukua mmoja tu. "Si nichukue huyo kijana, mguu utapona, huyo mwingine si atanifia mwaka huu huu?" Nikamwambia subiri nikuandikie, hii stori haiishi kwa simu, na nikiandika mara moja wale wengine ambao huniuliza swali hilo hilo nao watasoma wanipumzishe.

Mi si daktari, tujuane mapema. Mzee wangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, pale Ngong Racecourse, uwanja ambao mbio zimekimbiwa tangu 1954, na sisi watoto tulijua bei ya pumba za ngano kabla tujue bei ya mkate. Saa hii niko na farasi wawili nyuma ya nyumba upande wa Bulbul, wote walikuja wakiwa hawatakiwi, na wa tatu nimemzika. Huyo wa tatu ndiye amenifunza mengi, nitamfikia.

Tuanze na miaka, juu hapo ndipo watu hukosea hesabu. Farasi akitunzwa vizuri anafika 25, wengine wanagonga 30. Sasa huyo kijana wa miaka saba ukimchukua leo, yule mtoto wako aliye PP1 atamaliza chuo, atatafuta kazi, na farasi bado yuko kwa boma anakuangalia saa kumi na mbili asubuhi anataka nyasi. Huyo mzee labda ni miaka mitatu, minne, sita ukibahatika, lakini hiyo miaka ni kazi ya kila siku ya kupika na kuloweka na kushika mbavu. Kwa hivyo usiwalinganishe kwa nani atakufa kwanza, jiulize wewe uko na nini kingi, miaka ama masaa. Kuna mtu yuko na shamba na pesa ya kutosha lakini nyumbani anafika saa tatu usiku, huyo mzee atamshinda. Na kuna mwingine pesa ni ya kubana lakini nyumbani kuna mtu mchana kutwa, huyo anaweza mzee vizuri sana.

Neno "ameumia" nalo ni pana mno, usikubali kuambiwa ameumia tu halafu ukaleta lori. Farasi akiwa na usaha ndani ya ukwato anachechemea mpaka unafikiri mfupa umevunjika, daktari akifungua pale chini usaha ukatoka, baada ya siku chache anatembea kama hakuna kitu. Mwingine ana kifundo kilichoingia baridi yabisi, huyo atakaa miaka mingi na raha zake lakini kupandwa asahau. Mwingine kwato zimeungua ndani, ule ugonjwa wa kusimama akiegemea nyuma kama mtu anayekanyaga changarawe bila viatu, na huo ukishakuja mara moja unapenda kurudi, hasa akinenepa ama akiachiliwa kwa nyasi changa baada ya mvua. Na wa mbio wengi, kama huyu wa binamu, ni kano. Papasa nyuma ya mguu wa mbele, kati ya goti na kifundo, mguu mzima kano ziko zimenyooka na zimekaza kama waya, ulioumia unakuta pale katikati pametuna kama upinde. Weka mgongo wa mkono, sio kiganja, halafu weka kwa mguu wa pili, joto utalisikia tofauti.

Kano inapona, lakini inapona polepole na inapona na kovu, na kovu halinyumbuki kama kano yenyewe. Hesabu miezi tisa hadi mwaka, na ikiwa ilikatika vibaya weka zaidi. Mwanzoni anafungiwa, halafu anaanza kutembezwa kwa kamba dakika tano, kumi, wiki kwa wiki unaongeza, na kabla hujaongeza sana daktari anapiga picha ile ya skani aone nyuzi zimejipanga venye zinafaa. Ukimwachilia uwanjani mwezi wa pili juu umemwonea huruma amefungiwa, atapiga mbio mzunguko mmoja tu wa furaha na mtaanza upya. Mi nilikaa na Jenerali, huyo mwekundu wangu, miezi kumi na moja hivyo. Kila jioni namwagia mguu maji ya baridi kwa mpira dakika kumi na tano, yeye ananinyonya kola ya shati, jirani anachungulia juu ya ua ananiuliza kama hiyo maji si ya kaunti. Na kutembeza farasi wa mbio aliyefungiwa wiki sita, bana, hiyo si kazi ya mtoto wala ya mtu mwenye mgongo mbaya, pikipiki moja ikipita na bomba limetoboka unaning'inia kwa kamba kama bendera.

Kitu kingine, ukienda kumwona usiende na miadi peke yake. Kuna dawa ya maumivu ambayo karibu kila mtu wa farasi anaijua, unga unachanganywa kwa chakula, na farasi mwenye mguu mbovu akipewa asubuhi, saa nne unamwona anatembea freshi. Sio lazima mtu awe tapeli, wengine wanampa kwa huruma tu. We uliza ni dawa gani anakula na tangu lini, na urudi siku nyingine bila kutangaza. Hiyo dawa ikitumika muda mrefu pia inakula tumbo na figo, kwa hivyo jibu lake unalihitaji hata kama mguu hukuuliza.

Sasa mzee. Kwa mzee anza na mdomo, sio macho, macho ya farasi mzee yatakuingiza kwa shida. Meno ya farasi yanaendelea kusukumwa kutoka kwa ufizi miaka yote huku yakisagika juu, na kuna siku ya kuisha. Umri wenyewe unaweza kuukisia kwa jino la juu la pembeni, lile la mwisho kati ya meno ya mbele, kuna mfereji wa kahawia unaanza kutokea juu karibu na ufizi akiwa na kama miaka 10, ukifika nusu ya jino ana kama 15, ukifika chini kabisa ana kama 20, halafu unaanza kufutika kutoka juu. Ni makisio tu, lakini yatakuokoa kutoka kwa mtu anayekuambia jike ana miaka 14 na mfereji umeshuka mpaka chini. Magego ya ndani hayo hutayaona, hayo ni ya daktari na kile chuma cha kufungulia mdomo, na kwa mzee aangaliwe mara mbili kwa mwaka, sio ile ya "tutaona".

Wa tatu wangu aliitwa Shosh. Kijivu, miaka 24, mpole mpaka kuku walikuwa wanalala mgongoni mwake. Nilifikiri zawadi kubwa ya kumpa ni nyasi nyingi na nafasi, jamaa mmoja akaniambia kuna shamba huko Bonde la Ufa, silitaji, kuna farasi wengine kumi na kitu, mto unapita, hakuna malipo makubwa. Mwezi wa pili nikampeleka. Kila nikipiga simu naambiwa, "Anakula vizuri sana boss, hatoi kichwa chini." Mwezi wa sita nikaenda. Kweli alikuwa kichwa chini, anakula, lakini mbavu nilizihesabu nikiwa mbali na pale juu ya makalio mfupa umesimama kama paa la hema. Nikaenda pale chini ya mgunga alipozoea kusimama, nikakuta vifundo vya nyasi, virefu kama kidole, vimetafunwa nusu, vimelowa mate, vimetapakaa kila mahali kama pale nje ya kibanda cha miraa asubuhi. Alikuwa anakula mchana kutwa na hakuna kitu kinaingia. Magego mawili ya juu yalikuwa yameanguka na yale ya chini yaliyokuwa yanatazamana nayo yakarefuka mpaka yakawa yanachoma ufizi. Hakuna mtu pale aliyekuwa mbaya, ni vile tu farasi ni kumi na kitu, watu ni wawili, na hakuna aliyekuwa anainama kuangalia chini.

Alirudi, akala uji miezi kumi na minne. Na huo uji ndio sasa nataka binamu auelewe kabla aseme mzee ni rahisi. Farasi wa kilo 450 anataka chakula kikavu kama asilimia mbili ya uzito wake kwa siku, hiyo ni kilo tisa. Mwenye meno unampa nyasi, na robota la nyasi kavu za Boma Rhodes likiwa na kilo kumi na mbili ama kumi na tatu basi ni marobota kama 21 kwa mwezi, weka 25 juu atakanyaga na kukojolea mengine. Ukipata robota kwa 300 hiyo ni 7,500, na ukumbuke ule ukame wa 2022 bei zilivyopanda na hata pesa ukiwa nayo nyasi unazitafuta. Asiye na meno hizo kilo tisa lazima ziingie kama uji: vidonge vya chakula cha farasi unaloweka kwa maji mpaka vifumuke, majani ya lusini yaliyokatwa fupi, pumba kidogo, chumvi, mafuta ya kupikia kikombe kimoja ukitaka anenepe. Mara nne kwa siku, juu tumbo la farasi ni dogo na hawezi kutapika, ukimjazia mara mbili anaumwa tumbo. Na pumba zisizidi, najua ni rahisi na wanazipenda, lakini zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, ukimlisha hizo tu unamla mifupa. Lusini ndiyo inasawazisha. Maji lita thelathini, arobaini, yaani mitungi miwili ya lita ishirini, hata ile siku mfereji umekauka.

Shangazi, mama ya huyo binamu, aliposikia hivyo aliuliza kwa simu, "Na huyo farasi hali ugali?" Hali ugali, shangazi. Lakini swali lilinifurahisha juu ni mtu ambaye tayari anafikiria sufuria.

Basi umechagua nani. Unamweka wapi? Hapa Nairobi watu wanalinganisha tatu, nyumbani kwako, kwa stebo, yaani banda la farasi la kulipia, ama shamba la mbali, na kila mmoja atakuambia yake ndiyo.

Nyumbani ni kuzuri kwa kitu kimoja, macho yako. Utaona hajamaliza chakula, utaona kinyesi kimepungua, utaona amesimama kona ambayo huwa hasimami, na kwa mzee hayo ndiyo yote. Ubaya wa nyumbani ni nafasi. Plot ya hamsini kwa mia si ya farasi, hata usijaribu, na nusu ekari ni ya kutembea tu, nyasi zitaisha mwezi wa kwanza na itabaki matope. Udongo nao uangalie. Kikuyu, Karen, Ngong, ule mwekundu unanyonya maji, lakini Kitengela na huko Athi River ule mweusi mvua ikinyesha unashika mguu kama gundi, na farasi mwenye kano mbovu akivuta mguu kutoka kwa ule udongo kila hatua ni kama anajichana. Usiku kuna mambo. Fisi wako Rongai na Kiserian, chui Karen wapo, na farasi mzima angekimbia ama angepiga teke lakini wako hawezi, kwa hivyo banda lifungwe. Siafu pia, watu wanasahau siafu. Farasi aliyefungiwa hawezi kuwakimbia, mwaga majivu kuzunguka banda na amka ukisikia anapiga miguu.

Halafu upweke. Farasi ni mnyama wa kundi, mmoja peke yake anatembea kwa ua mpaka anachimba barabara. Kama huwezi wawili, mpatie mwenzake hata kama si farasi. Mbuzi anasaidia kidogo. Punda anasaidia sana, na Dagoretti na Limuru punda wa mkokoteni waliochoka hawakosi, lakini punda anaweza kubeba minyoo ya mapafu bila hata kukohoa halafu ampe farasi, mpe dawa ya minyoo kwanza, na usimlishe kama farasi juu atanenepa vibaya. Kwa punda mambo yamebadilika kidogo, Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kusimamisha biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi miaka 15, kwa hivyo usishangae ukiambiwa kuna watu wanapigania punda kuliko farasi. Na hii ya shukrani ya punda ni mateke, mi wa kwangu hajanipiga hata siku moja. Jenerali ndiye amenipiga.

Stebo ya kulipia, hizo za Karen na Lang'ata, ukiangalia bei ya mwezi unashtuka, lakini kwa farasi aliyeumia miezi ya kwanza mi ningelipa. Pale kuna saisi ambaye ameshika miguu mia, daktari anapita kuona farasi wengine na wako anaangaliwa hapo hapo, fundi wa kwato anakuja kila wiki sita hadi nane bila kumbembeleza, na kuna farasi wa pande zote mbili anasikia wakitafuna. Kumfungia farasi peke yake miezi miwili nyumbani anachanganyikiwa, kumfungia kati ya wenzake anavumilia. Kwa mzee wa uji sina hakika sana, juu uliza vizuri nani atampa kile chakula cha saa nne usiku, na ukijibiwa haraka haraka "hakuna shida" jua hakuna atakayempa. Kitu ambacho kinaniudhi na stebo ni Januari. Karo imekuja, umechelewa mwezi, umechelewa wa pili, deni linakua, na mwenye stebo naye ana haki ya pesa yake, farasi anaanza "kusaidia" kulipa. Mi nimewahi kwenda sherehe ya mtoto wa rafiki, mahali pa bustani, kuna farasi wa kupandwa na watoto, puto zimefungwa shingoni, nikamtambua kwa doa la paji la uso. Huyo alikuwa ametolewa kwa mtu kama mgonjwa wa kifundo, apumzike, asipandwe tena. Alikuwa anazunguka kwa duara dogo upande mmoja tu, upande wa mguu mbaya.

Ndio maana nasema karatasi. Hata ukimpa ndugu yako, andikeni: hauzwi, hapandwi kama daktari hajakubali, jike hazalishwi (wengi wanaochukua jike aliyeumia ndicho wanachotaka, na mimba juu ya mguu mbovu ni mateso), na ukishindwa unamrudisha, humpitishi kwa mtu mwingine. Weka sahihi, piga picha ya pande zote nne na ya kwato. Na ukikuta farasi anateseka mahali usianze vita kwa ua wa watu, pigia KSPCA, lile shirika la kutetea wanyama, wako Karen, hiyo kazi yao wameifanya tangu 1910, na sheria iko, Sura ya 360, kumtesa mnyama ni kosa hata kama ni wako.

Shamba la mbali. Baada ya Shosh ungefikiri nitasema hapana, lakini kwa farasi wa miaka saba, nane, kumi, ambaye mguu umeshapona na hatapandwa tena, mi sioni mahali pazuri kushinda Naivasha ama Nanyuki ama Laikipia. Kutembea kutwa nzima kunalainisha viungo, baridi yabisi inachukia kusimama. Ana kundi, ana jua, na hiyo miaka ishirini tuliyohesabu pale juu hutaimaliza kwa marobota ya dukani. Lakini uliza maswali mawili ambayo mi sikuuliza. La kwanza, nani anashika kila farasi kwa mkono, na mara ngapi, sio nani anawaona, anawashika. La pili, chanjo ya ile homa ya farasi inayoletwa na usubi. Pundamilia wanabeba hicho kirusi bila kuugua, usubi wanatoka jioni na alfajiri hasa mvua nyingi zikishapita, na farasi asiye na chanjo akiupata ule wa mapafu unaweza kumwacha jioni mzima na kumkuta asubuhi na povu puani. Kila mwaka chanjo, na msimu huo walale ndani kama kuna ndani. Kupe pia, lakini kupe kila mtu wa Laikipia anawajua.

Safari yenyewe isikuponze. Kushuka ile barabara ya Mai Mahiu kwa lori farasi anasimama amejikaza njia yote, na dereva akikanyaga breki uzito wote unaenda mbele. Aliyeumia mguu wa mbele msimamishe akiangalia nyuma ya gari, aliyeumia wa nyuma aangalie mbele, halafu kaa na dereva mwenyewe, usimwachie namba ya simu tu. Mzee dhaifu usimpeleke kabisa Julai, Limuru mtapita na ile baridi na kule juu atafika amechoka.

Na kuna chaguo la nne ambalo watu hawapendi nilitaje kwa meza moja na hizo zingine. Sindano. Binamu aliniambia nisianze na mambo ya kuua, nikamwambia Shosh alipata siku yake nzuri ya mwisho juu tulipanga, asubuhi ya jua, uji wake wa molasi, daktari anamjua. Wale ambao hawapangi wanapata usiku wa mvua, farasi ameanguka hawezi kuinuka, daktari yuko mbali na simu haishiki. Vile nilijua wakati umefika ni kuinuka. Alikuwa analala akitaka kuinuka anajaribu mara tatu, mara nne, halafu akaacha kulala kabisa, anasinzia amesimama mpaka magoti ya mbele yanakunjika na anajigonga, ukiona vidonda vipya mbele ya vifundo umeshaambiwa. Kwa aliyeumia ni tofauti, hapo unamuuliza daktari kama maumivu yanaenda mahali ama yamekuja kukaa, na kama ni mfupa mkubwa umevunjika usitafute farasi mwingine wa kufuga mwezi huo, tafuta daktari saa hiyo.

Sindano na risasi zote zikifanywa na mtu anayejua ni haraka. Tofauti yake iko baadaye. Ile dawa ya sindano inabaki mwilini, tai ama fisi ama mbwa wa jirani akila anakufa pia, na tai wetu wameisha vya kutosha kwa sumu. Kwa hivyo lazima azikwe, azikwe chini sana, na farasi haumchimbii shimo na jembe, unaita tingatinga, unailipa kabla, na shimo linachimbwa kabla daktari afike. Hiyo pesa iweke kando siku unamchukua. Najua inaonekana kama roho mbaya, kuleta mgeni na kuweka pesa ya jeneza, lakini mi sikuwa nimeweka na nilikopa kwa simu siku hiyo hiyo nikiwa nalia.

Binamu sasa. Uko na nusu ekari ya udongo mwekundu, jirani ana punda wawili na ua ni mmoja, wewe unafika nyumbani usiku, shangazi yuko mchana kutwa na ana sufuria kubwa za harusi za kanisa zinakaa tu. Huyo kijana atataka mtu wa nguvu wa kumtembeza kila siku mwaka mzima, na baada ya hapo miaka ishirini ya nyasi ambazo huna. Mwache aende stebo kwanza, nitakusaidia kuongea na wenyewe, akipona aende shamba. Wewe chukua mzee, lakini tu kama magego yake yanaweza hata kidogo, ama kama shangazi amekubali uji mara nne, na amekubali kwa mdomo wake, sio wewe umkubalie.

Amenitumia picha ya meno jana usiku, amepiga na flashi, nusu ya picha ni kidole chake na nusu ni ulimi. Nimemwambia arudi mchana, asimame pembeni asisimame mbele, avute mdomo wa juu kando, anipigie lile la pembeni.